Nguo bila mdoli: usije ukasahau picha ya ndani

Wadogo zangu mnaoanza kupiga picha nguo za maduka ya Instagram, hii kitu ya nguo kuonekana kama imevaliwa na jini asiyeonekana wengi mnadhani ni uchawi wa kompyuta. Sio kweli. Nguo unaivalisha mdoli, ile sanamu ya dukani, kompyuta inamalizia tu kumfuta.

Kazi yangu kubwa ya kwanza nilipewa na dada mmoja wa Kariakoo, gauni na mashati 40, nikapiga kutwa nzima mbele na nyuma, safi kabisa, jioni nikamrudishia mzigo wake. Usiku nakaa namfuta mdoli, shingo inatoka, pamebaki tobo tupu pale ambapo mtu alitakiwa aone lebo na kola ya nyuma kwa ndani. Sina! Kesho yake nikarudi na aibu yangu nakuta gauni 6 zishauzwa.

Kwahiyo kila nguo, kabla haijarudi kwenye mfuko, piga na ile ya ndani. Mimi nilikata boksi gumu umbo la mabega, namvua mdoli, natundika nguo pale pale, naishusha shingo ya mbele kwa pini mpaka ndani ya mgongo paonekane. Stendi ya kamera usiisogeze, taa usiziguse, ukigusa tu vipande viwili havikutani halafu unaanza kumlaumu Photoshop. Hela huna, tumia Photopea, ni bure na inafunguka kwenye brauza. Hiyo ya ndani inakaa leya (tabaka la picha) ya chini, ya juu mfiche mdoli kwa maski, yaani kifuniko unachoweza kukiondoa, usimfute moja kwa moja, utakuja kujuta. Halafu weka kivuli chepesi chini ya ukingo wa shingo, bila hicho kola inaonekana kama stika imebandikwa.

Mdoli awe mdogo kuliko nguo, akiwa mkubwa vifungo vinavutika na hapo hakuna dawa. Nguo ikimpwaya ibane mgongoni kwa vibanio, ila ukigeuka kupiga nyuma vihamishie mbele, nshaona mtu kamtumia mteja picha ya nyuma ina vibanio vinne vya kuanikia nguo 😂. Na pasi jamani, pasi! Mkunjo wa dakika mbili kwenye pasi ni nusu saa kwenye kompyuta.

Kamera weka f/8 (tundu la lenzi) na ISO 100 (wepesi wa kamera kwa mwanga). Mwenye simu rudi nyuma kidogo uvute mara 2, ukiisogelea na lenzi pana shati linavimba katikati kama lina kitambi. Taa ziwe za aina moja, ukichanganya mwanga wa dirishani na balbu ya njano, kitenge chekundu kinatoka rangi ya chungwa na mteja akipokea anarudisha. Nguo nyeupe usiipige kwenye ukuta mweupe, kingo zinapotea, weka kijivu nyuma halafu weupe utaongeza baadaye. Anayeuzia Amazon ndo kwenye picha kuu weupe wa nyuma lazima uwe 255 kwa 255 kwa 255, yaani nyeupe tupu kwa namba za rangi za kompyuta, na nguo ijaze angalau asilimia 85 ya picha, Insta hawakuulizi hayo.

Mitumba yenye doa, doa liache lionekane. Mdoli ndo tumekubaliana kumficha, sio doa. Na bei taja kwa nguo, usitaje kwa picha, maana ile ya ndani mteja haioni na atakataa kuilipia.