Muulize Bi Karani: Dalali wako ana namba gani?

Wasomaji wangu, kwa miaka 22 nilikuwa karani katika ofisi ya wakili hapa Malindi, Barabara ya Lamu. Mafaili mengi yaliyopita mikononi mwangu yalikuwa ya watu waliokuja kutuona wakiwa wamekwisha kulipa. Hilo linaniuma hadi leo. Mwezi huu nimechagua barua tatu, na ya kwanza nitaikalia kitako, kwa sababu aliyeiandika pesa zake bado anazo.

SWALI: Shikamoo Bi Karani. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaanga samaki Maweni. Zamu yangu ya chama imefika, nikijumlisha na akiba nina shilingi 350,000. Dalali mmoja amenipeleka kuona kiwanja upande wa Mambrui, futi 50 kwa 100, bei 600,000. Siku ile alinitoza 2,000 za kuonyeshwa. Sasa anataka nimtumie 200,000 kwa M-Pesa kabla ya Ijumaa, asema kuna Mzungu anakitaka kiwanja hichohicho. Hati miliki amenitumia picha kwenye simu. Ofisi anayo, ghorofani, na leseni imebandikwa ukutani. Nimwamini? – Mama wa Maweni

JIBU: Marahaba mwanangu. Usitume. Akikupigia Alhamisi usiku mwambie pesa za chama hazijatoka, na Mzungu akipewa kiwanja, na apewe.

Tuanze na hiyo leseni ya ukutani, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Rudi uisome. Naweka dau kwamba ni kibali cha biashara cha kaunti. Kibali hicho muuza viatu anacho, kinyozi anacho, na wewe na karai lako la samaki huenda unacho. Kinasema tu kwamba mtu amelipia kufungua mlango wake. Hakisemi kwamba mtu huyo anajua kazi ya ardhi, wala kwamba kuna anayemsimamia.

Anayewasimamia madalali wa nyumba na ardhi ni Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba na Ardhi, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1984, Sura ya 533 ya Sheria za Kenya. Sheria hiyo yasema asiyesajiliwa asifanye kazi ya kukutanisha wauzaji na wanunuzi kwa malipo; akiifanya ametenda kosa. Aliyesajiliwa ana namba, na ana cheti cha kufanyia kazi ambacho hukatwa upya kila mwaka. Basi swali lako la kwanza ni hili: "Namba yako ya Bodi ni ngapi, na cheti cha mwaka huu kiko wapi?" Liulize kwa adabu, umemwangalia usoni. Wakala wa haki hujibu kabla hujamaliza, maana amekitolea jasho cheti hicho. Mwingine ataanza kukueleza jinsi anavyojulikana mji mzima. Akikupa namba, usiishie hapo: ipeleke kwa Bodi uulize kama jina na namba vinalingana.

Sisemi kwamba kila dalali asiye na cheti ni mwizi. Nimekulia Langoni, Lamu, na wazee wa barazani waliokuwa wakiuziana mashamba na nyumba kwa neno la mdomo nawajua. Walikuwa watu wa dini na walikula udalali wao wa halali. Lakini enzi zile muuzaji, mnunuzi na dalali walisali msikiti mmoja. Dalali akidanganya, Ijumaa atasimama safu gani? Ile aibu ndiyo iliyokuwa leseni yake. Leo kiwanja kiko Mambrui, mwenyewe yuko Nairobi, dalali alihamia Malindi mwaka juzi, na namba ya simu hubadilishwa kwa shilingi mia. Mwenye cheti ana kitu cha kunyang'anywa. Mtu wa namna ya huyu wako akizima simu, amekwisha kupotea.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Kaka yangu, Mungu amrehemu, alilipa 400,000 za kiwanja ndani ya hoteli ya chai, wakaandikiana kwenye karatasi ya daftari la mwanawe. Dalali alikuwa rafiki yake. Miezi mitano baadaye alikuta mtu mwingine ameshamwaga mawe ya msingi palepale, na wa tatu akaja na karatasi yake. Mwenye ardhi hasa hakuwa akimjua yeyote kati yao. Ile karatasi ya daftari ninayo mpaka leo. Nilikuwa karani wa wakili wakati huo, umbali wa dakika kumi kwa miguu, na kaka hakuniambia kwa sababu dalali alimwambia asimwambie mtu, wasije wakamzidi bei. Mwanangu, anayekuhimiza uharakishe na unyamaze, mkimbie.

Sasa hiyo picha ya hati. Picha si kitu. Chukua nakala ya hati, kitambulisho chako na pini yako ya KRA, ile namba ya mlipa kodi, ukafanye upekuzi rasmi wa daftari la ardhi, ule ambao makarani huuita sachi. Utaonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama imewekwa rehani benki au ina zuio. Uliza kiwanja hicho kimesajiliwa katika masjala ipi, yaani ofisi ipi ya daftari la ardhi, kwa sababu hati nyingine za zamani za mwambao daftari lake liko Mombasa. Ukiweza, omba pia nakala ya kadi ya kijani. Hiyo hueleza ardhi imepita kwa nani na nani tangu isajiliwe. Nimeona kadi zenye majina matano ndani ya miezi minane, na hapo hata karani anayeanza kazi hunyanyua kichwa.

Kisha rudi Mambrui bila dalali. Nenda asubuhi pamoja na mpima ardhi, akague kwa ramani bikoni zote nne, zile alama za mipaka. Salimiana na majirani, uliza minazi na miembe ni ya nani. Wewe ni mtu wa huku, unajua kwamba minazi inaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Ukikuta kibanda na mzee anayelima hapo tangu zamani, simama. Mtu akikaa waziwazi kwenye ardhi ya mwingine miaka 12 bila ruhusa na bila kuondolewa, anaweza kwenda mahakamani kuidai iwe yake. Nawe utakuwa umenunua kesi.

Kama ardhi ni ya kilimo, na nyingi za upande ule ni za kilimo, mauzo yanahitaji idhini ya bodi ya ardhi ya eneo, na maombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkubaliane. Kama ni mali ya ndoa, mke au mume wa muuzaji lazima aridhie. Na makubaliano yenyewe sheria yataka yawe ya maandishi, yasainiwe na pande zote mbele ya mashahidi. Ya hoteli ya chai yaache hotelini.

Pesa ukifika kulipa, zisiende kwenye simu ya mtu. Wakala aliyesajiliwa huweka pesa za wateja kwenye akaunti mbali na ya kwake, na wakili vilevile. Kuhusu 2,000 za kuonyeshwa, zihesabu kuwa zimekwenda, na ushukuru.

SWALI: Bi Karani, hujambo. Sisi ni wapangaji 16 katika nyumba moja huku Ngala, Malindi. Tulichanga tukaleta walinzi wawili kutoka kampuni moja ndogo. Wamevaa sare ya buluu, kwa mbali utadhani polisi. Juzi mmoja alimkamata kijana wa jirani akidai ameiba nguo kambani, akamfungia chumba cha mita za stima kuanzia saa mbili usiku mpaka asubuhi, na kumpiga. Kumbe nguo zilikuwa zimepeperushwa na kaskazi. Mamake asema atatushtaki sisi. Kampuni hawapokei simu. – Katibu wa wapangaji

JIBU: Sijambo, Katibu. Kwanza kijana. Ametibiwa? Kama bado, mpelekeni hospitali leo, na mamake aandikishe ripoti polisi. Mfuateni nyinyi wenyewe mkaeleze mlichoona. Msimwachie mama wa watu aende peke yake kisha mje mniulize habari ya vyeti.

Mlinzi ana haki ya kumshika mtu aliyemwona akitenda kosa, kama raia yeyote mwingine. Lakini akimshika, amkabidhi polisi bila kuchelewa. Chumba cha mita za stima si kituo cha polisi. Kumpiga ni kosa jingine peke yake.

Sasa kampuni. Tangu mwaka 2016 tunayo Sheria ya Udhibiti wa Usalama Binafsi, na mamlaka yake ndiyo inayosajili kampuni za ulinzi na mlinzi mmojammoja. Mlinzi aliyesajiliwa ana namba yake ya ulinzi, na hapewi mpaka awe amepitia mafunzo na historia yake ya polisi imeangaliwa. Sheria hiyohiyo inakataza sare zinazofanana na za polisi au jeshi, kwa hiyo hizo nguo za buluu ziandikeni kwenye malalamiko yenu. Pigeni picha. Mtakapochukua kampuni nyingine, ombeni cheti chake cha usajili na namba za walinzi watakaokuja, si za wengine walio kwenye faili lao.

Mpwa wangu yuko Marekani, jimbo la California, analinda ghala. Kule kila jimbo lina utaratibu wake. Wa California unamtaka mlinzi apate mafunzo ya saa 40: saa 8 za kwanza, zinazohusu uwezo wa kumkamata mtu na mipaka yake, azimalize kabla ya kusimama zamu hata moja, na zilizobaki ndani ya miezi 6. Bunduki inataka kibali kingine kabisa. Aliniambia jambo lililonikaa moyoni: kitu cha kwanza walichofundishwa ni wakati gani usimguse mtu. Yule kijana wenu mwenye rungu nani alimfundisha hilo?

Nawauliza pia nyinyi, mnalipa kiasi gani? Samahani kama nawachoma. Wapangaji 16 wakichanga shilingi 300 kila mmoja ni 4,800 kwa mwezi, kwa walinzi wawili, na mwenye kampuni atoe chake humo. Kima cha chini cha mshahara kimewekwa na serikali, na mlinzi wa usiku yumo kwenye orodha hiyo. Kampuni inayokubali pesa kama hizo haiwezi kuwafundisha watu wake wala kuwalipa; itaokota kijana stendi na kumvika shati. Kijana huyo naye ana mama.

SWALI: Assalamu alaykum. Baba yetu alifariki akatuachia nyumba ya kale Mkomani, Lamu. Tuko ndugu saba, wawili wako Mombasa na mmoja Oman. Dalali ameleta mteja Mtaliano, anataka nisaini mimi kama mkubwa ili mteja aanze kukarabati na kuongeza ghorofa, mirathi tutaimaliza baadaye. Ameahidi hati ya kumiliki milele. – Mtoto wa Mkomani

JIBU: Waalaykum salaam, kaka yangu. Poleni kwa msiba.

Dalali huyu amekosea mambo manne katika sentensi moja, na kila moja lingetosha kumkatalia. Ukubwa wako hauwauzi ndugu zako. Nyumba ya marehemu haiuzwi kabla mahakama haijathibitisha mirathi. Kwenu ni Mahakama ya Kadhi, na ndugu wote saba watajwe, yule wa Oman pia. Mgeni asiye raia hapewi ardhi ya milele: Katiba, kifungu cha 65, inampa upangaji usiozidi miaka 99. Na Mji Mkongwe wa Lamu ni urithi wa dunia tangu 2001, kwa hiyo ghorofa haiongezwi kwa idhini ya dalali. Makumbusho ya Taifa lazima waulizwe kabla jiwe halijaguswa.

La tano nalisema mimi. Ulizeni wazee kama nyumba hiyo si wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu. Lamu nyumba za wakfu zipo, na wakfu hauuzwi. Tafuteni karatasi za babu kwenye sanduku kabla ya kumtafuta mnunuzi.

Sheria ya kuzuia pesa chafu nayo inamtaka wakala wa nyumba amjue mteja wake na aripoti pesa zinazotia shaka. Muulize Mtaliano huyo analipa kupitia wapi, na dalali ana namba gani ya Bodi. Kama alikuachia karatasi ya kusaini, usiirudishe. Ipige nakala, mtumie kila ndugu, na mkikaa kwa Kadhi muiweke mezani.