Rivolva inapiga chini na kushoto: kabla ya kushika tupa

SWALI: Shikamoo fundi. Nina rivolva ya .38 Special yenye mtutu wa inchi nne, naimiliki kwa leseni kwa ajili ya ulinzi wa shamba huku Muheza. Ni ile isiyo na skrubu ya kurekebisha shabaha. Kwa mita 15, nikilenga katikati ya karatasi, matundu yanakaa kama sentimita 9 chini na sentimita 5 kushoto. Natumia mkono wa kulia, na risasi zangu zimeandikwa greni 125 (uzito wa kichwa cha risasi). Fundi mmoja wa kuchomelea pale Ngamiani, Tanga mjini, ameniambia nimpelekee aunyooshe mtutu kwa nyundo, kazi ya dakika tano. Nimpe?

JIBU: Marahaba. Usimpe.

Mtutu wa rivolva haunyooshwi kwa nyundo kama chesisi ya pikipiki. Pale unapoingia kwenye fremu, kwenye nyuzi zake za kufungia, chuma ni chembamba kuliko kwingine. Pigo likifika hapo linaweza kuacha ufa usioonekana kwa macho, na ufa huo ndio utakaobeba mlipuko wa risasi inayofuata. Halafu kuna sheria. Chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, leseni ni yako wewe, haiazimwi. Ukimwachia silaha fundi asiye na kibali cha kazi hiyo, mmejitia matatani wote wawili. Kazi ya kugusa chuma ipeleke karakana ya silaha yenye leseni, na uende na karatasi zako. Maelezo yaliyobaki hapa yatakusaidia kujua uombe nini, na ukague nini ukikabidhiwa.

Tena huenda bastola yako haina kosa kabisa. Matundu ya chini-kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia kwanza huulizwa mkono, ndipo iulizwe bastola. Triga ya rivolva ikivutwa bila kukoki kwanza nyundo ya bastola (kile kipande cha nyuma kinachopiga risasi) ni nzito, na mtu akiikamia, vidole vyote vinabana mpini kwa pamoja: mdomo wa mtutu unainama na kukimbilia kushoto kabla risasi haijatoka. Kipimo chake ni rahisi. Ukiwa kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, mwombe mwenzako akujazie silinda kwa kuchanganya, tatu risasi za kweli na tatu za bandia, wewe usijue mpangilio. Nyundo ikiangukia risasi ya bandia, tazama jino la mbele (kile kipande cha kulengea kilichosimama karibu na mdomo wa mtutu). Likichovya chini, umempata mkosaji, na hakuna tupa itakayomtibu.

Hatua ya pili ni kuitoa mikono yako kwenye hesabu. Kaa mezani, viganja vya mikono vilale juu ya mfuko wa mchanga. Mtutu wenyewe usiguse mfuko wala ubao, maana ukiegemea kitu kigumu bastola hurukia juu na majibu yanakuwa ya uongo. Koki nyundo kwa kidole gumba kila mara ili triga iwe nyepesi. Piga risasi tano kwenye karatasi ya manila, ubadilishe karatasi, rudia hadi ziwe karatasi tatu. Usipime tundu moja moja. Tafuta katikati ya kila kundi, kisha pima umbali wa hiyo katikati kutoka pale ulipolenga. Mwachie na mtu mwingine mwenye leseni na uzoefu apige karatasi moja hapohapo uwanjani, mbele yako. Kundi lake likienda mahali pengine kabisa, rudi kwenye aya iliyopita.

Kama matundu yametawanyika upana wa sentimita 12, huna haki ya kurekebisha kosa la sentimita 5. Hujui bado bastola inapiga wapi. Mtawanyiko una sababu zake. Mabaki ya risasi yaliyoganda mwanzoni mwa mtutu, mdomo wa mtutu uliogongwa ukapata kibonyeo, silinda inayocheza kushoto na kulia wakati triga imevutwa hadi mwisho. Weka namba 1 hadi 6 kwenye vyumba vya silinda kwa makapeni, andika kila tundu limetoka chumba gani. Mara nyingine chumba kimoja tu hakikai sawasawa na mtutu, na mtu anailaumu shabaha nzima kwa kosa la chumba namba 4.

Sasa risasi. Hapa ndipo napashuku zaidi kwako. Rivolva nyingi za .38 Special zenye shabaha isiyorekebishika zilipangwa kiwandani kwa risasi ya greni 158, yaani kama gramu 10.2. Wewe unatumia greni 125, kama gramu 8.1. Wengi hudhani nyepesi ndiyo ingepiga juu kwa kuwa ina kasi. Kwa bastola ni kinyume. Baruti ikilipuka, mdomo wa mtutu unaanza kuinuka wakati risasi bado imo ndani. Nzito hukawia humo, hivyo hutoka mtutu ukiwa umeinuka zaidi. Nyepesi hutoka mapema, mtutu ukiwa bado chini. Ndiyo maana jino la mbele hutengenezwa refu: ukilenga sawasawa, mtutu wenyewe huwa unatazama chini kidogo ya shabaha, na mruko wa bastola ndio unaoijaza tofauti. Nunua boksi moja la greni 158, rudia karatasi tatu. Kwa mita 15 unaweza kupandisha sentimita kadhaa bila kugusa chuma. Amua pia risasi utakayoishi nayo, kwa sababu shabaha isiyorekebishika hupangwa kwa risasi ya aina moja tu.

Tuseme umefanya yote hayo na kundi dogo, safi, limebaki palepale: 9 chini, 5 kushoto. Ndipo tunahesabu.

Pima kwa vernia (kipimio cha taya mbili kinachosoma sehemu za milimita) umbali kutoka ukingo wa nyuma wa pengo (ule mfuo uliochongwa juu ya fremu) hadi ukingo wa nyuma wa jino la mbele. Kwa mtutu wa inchi nne utakuta kwenye milimita 140 hivi. Tumia kipimo chako, si changu. Zidisha kwa kosa, gawanya kwa umbali wa kupigia, vyote kwa milimita. Kwa kosa la chini: 140 × 90 ÷ 15,000 = milimita 0.84. Kwa kosa la kushoto: 140 × 50 ÷ 15,000 = milimita 0.47. Tazama udogo wa namba hizo. Unene wa kucha ndio unaoipeleka risasi sentimita 5.

Anza na kushoto, kwa kuwa marekebisho ya pembeni yanaweza kugusa na kimo. Njia mbili zinafaa. Ya kwanza ni karakana kuuzungusha mtutu kwenye nyuzi zake kidogo sana. Jino likiwa milimita 15 juu ya kitovu cha mtutu, kulisogeza milimita 0.47 ni mzunguko usiofika nyuzi 2 za duara. Kazi hiyo inataka jiliwa yenye mbao zilizochongwa kwa umbo la mtutu na spana inayoikumbatia fremu yote. Anayeingiza mpini wa nyundo kwenye dirisha la silinda na kuusukuma ataipinda fremu, na hapo bastola imekwisha. Baada ya kuzungusha, apime mwanya kati ya silinda na mtutu kwa geji ya majani (vibati vyembamba vya kupimia mianya), na ahakikishe kijiti cha kutolea maganda bado kinakaa kwenye kufuli lake chini ya mtutu. Baadhi ya rivolva za zamani zina pini inayopita kwenye shina la mtutu; mtutu wa namna hiyo hauzunguki mpaka pini itolewe, na kurudi kwake si lelemama.

Njia ya pili, ninayoipendelea kwa kosa dogo kama lako, ni tupa; nayo pia ni kazi ya karakana, hatua zake nakupa ili ujue uombe na ukague nini. Kanuni ya kukumbuka: chonga upande ule unaotaka risasi iende. Wewe unataka kulia, basi unachonga ukuta wa kulia wa pengo na ubavu wa kulia wa jino. Lakini hapa ndipo wengi hukosea hesabu: ukichonga upande mmoja, katikati husogea nusu tu ya ulichochonga. Kupata 0.47 kwa pengo peke yake itabidi uondoe karibu milimita 0.94, na pengo litakuwa kama mlango wa ghala. Gawanya: 0.47 kwenye pengo, 0.47 kwenye jino. Mianga miwili ya pembeni ya jino itaongezeka, ila jicho la mtu mzima huishukuru hiyo. Kwenye pengo tumia tupa laini yenye ukingo mmoja usio na meno, ukingo huo ulale chini, la sivyo unalizamisha pengo bila kujua.

Kimo sasa. Inapiga chini, kwa hiyo jino lipunguzwe. Hesabu inasema 0.84, usichonge 0.84. Chonga 0.5, kapige karatasi, halafu uendelee kwa 0.1 kwa kila safari. Chuma kilichoondoka hakirudi, na jino lililopitiliza linataka kuongezewa kipande kwa kuchomelea, joto karibu na mtutu, gharama mara nyingi. Kabla ya tupa ya kwanza, silinda iwe tupu, itolewe ikiwezekana, na risasi zikae chumba kingine cha jengo. Funga mtutu kwa solotepu nzito pande zote za jino, ziba mdomo wake kwa kitambaa ili unga wa chuma usiingie. Andika kimo cha jino kutoka mgongo wa mtutu. Sukuma tupa kutoka mbele kuja nyuma, juu ya jino pawe bapa kama meza. Uso wa nyuma, ule unaoutazama ukilenga, ubaki wima na kona zake kali. Ukiuviringa utang'aa juani na utakudanganya kimo. Namba ya silaha haiguswi kwa tupa wala msasa, hata kama iko karibu.

Ingekuwa inapiga juu, jibu lingebadilika. Jino halirefuki kwa tupa, na kushusha kuta za pengo ni kuikata fremu. Hapo jaribu risasi nyepesi kwanza, kisha jino jipya.

Kwa anayesoma hapa akiwa na Enfield No. 2 ya Waingereza: jino lake ni kipande cha peke yake kilichofungwa kwa skrubu, kwa hiyo hubadilishwa, halichongwi kwa pupa. Silaha hiyo ilianza na risasi ya greni 200, baadaye 178; za madukani za .38 S&W huwa karibu greni 145 na hupiga chini. Wala hiyo .38 S&W si .38 Special, ni risasi mbili tofauti.

Ukimaliza, chuma kimebaki uchi, na kwa upepo wa chumvi wa Tanga asubuhi utakikuta chekundu. Kifute kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe, paka dawa baridi ya kutia weusi, suuza, kausha, paka mafuta siku hiyohiyo. Kama ni chuma kisichoshika kutu, dawa hiyo haishiki. Paka rangi nyeusi isiyong'aa kwenye uso wa nyuma wa jino peke yake. Juu ya jino usipake tabaka nene. Kila sehemu ya kumi ya milimita utakayoongeza pale itaishusha risasi yako karibu sentimita moja kwa mita 15.