Kompyuta Iliyohamishiwa Kwenye Mashine Pepe Inagoma Kuwaka

SWALI: Ndugu Mshauri, ninasimamia kompyuta za kampuni ndogo inayonunua dagaa na sangara katika mwalo wa Kirumba, jijini Mwanza. Hesabu zetu zote zimo katika kompyuta kuukuu yenye Debian (aina ya mfumo wa Linux). Niliizima, nikanakili diski yake nzima kwa amri ya dd, kisha nikaipachika nakala hiyo kwenye mashine pepe (kompyuta inayoigizwa na programu) katika seva yetu mpya. Menyu ya GRUB (programu ya kuwashia mfumo) inatokea vizuri, lakini baadaye yanaandikwa maneno "ALERT! /dev/sda1 does not exist. Dropping to a shell!" na kila kitu kinasimama hapo. Nimeshauriwa nisakinishe upya. Je, hesabu zetu zimepotea?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Ndugu msomaji, hesabu hazijapotea, kwani diski ya zamani bado unayo, na nakuomba usisakinishe chochote upya. GRUB na kerneli (kiini cha mfumo) zimesomwa kutoka katika nakala hiyo hiyo, nayo ni dalili njema.

Kerneli inapoanza hutegemea kifurushi kidogo cha faili kiitwacho initramfs, ambacho hubeba draiva za kuifikia diski yenye mfumo mzima. Katika kompyuta ya zamani diski ilifikiwa kwa njia ya SATA na kuitwa sda. Katika mashine pepe, ukichagua virtio (aina ya diski iliyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe), huitwa vda na huhitaji draiva nyingine kabisa. Kwa hiyo ama jina limebadilika, ama draiva haimo, na ni lazima ujue ni lipi kati ya hayo kabla ya kugusa chochote.

Hapo ulipokwama, penye neno (initramfs), andika cat /proc/partitions. Ukiona vda na vda1, draiva ipo na tatizo ni jina tu. Washa upya, bonyeza herufi e kwenye menyu ya GRUB, tafuta mstari unaoanza na neno linux, badilisha root=/dev/sda1 iwe root=/dev/vda1, kisha bonyeza Ctrl na x. Mabadiliko hayo ni ya safari hiyo moja tu. Mfumo ukiwaka, tumia blkid kupata UUID (namba ya utambulisho) ya kila kizigeu, yaani kila sehemu ya diski, na uziandike katika /etc/fstab, faili inayoorodhesha vizigeu vya kufunguliwa, badala ya majina ya sda, bila kusahau swap (kizigeu cha kusaidia kumbukumbu), kwa sababu kizigeu kisichopatikana huufanya mfumo usubiri sekunde 90, na pengine ukuache katika hali ya dharura. Hakikisha pia kwamba katika /etc/default/grub mstari wa GRUB_DISABLE_LINUX_UUID=true hautumiki, halafu endesha update-grub. UUID haibadiliki diski inapohamishwa, na ndiyo sababu ninaipendelea kuliko jina lolote.

Usipoona diski yoyote, draiva ndiyo inayokosekana. Zima mashine pepe, badilisha aina ya diski katika mipangilio yake kutoka virtio iwe SATA, kisha iwashe; mara nyingi itawaka, kwa sababu draiva hiyo ndiyo iliyozoeleka kwenye kompyuta ya zamani. Ukiwa ndani, fungua /etc/initramfs-tools/conf.d/driver-policy, kama ipo, pamoja na initramfs.conf. Ukikuta MODULES=dep, chanzo umekipata: aliyesakinisha Debian alichagua kifurushi chenye draiva za kompyuta ile peke yake. Andika MODULES=most, endesha update-initramfs -u -k all, rekebisha fstab na GRUB kama nilivyoeleza, ndipo urudishe virtio. Unaweza kuiacha kwenye SATA moja kwa moja, ila virtio husoma na kuandika kwa wepesi zaidi, na kwa hesabu zinazofunguliwa na watu wengi alfajiri boti zinapotia nanga, ningeihangaikia.

Wenye CentOS 7 (aina nyingine ya Linux) hukutana na jambo hilo hilo, na kwao huanza kwa kuchagua kerneli ya uokoaji kwenye menyu, kisha kuunda upya initramfs kwa dracut -f --regenerate-all. Ambao hawaioni hata GRUB wakague kwanza kama mashine pepe imewekwa BIOS au UEFI (njia mbili za kompyuta kuanza kuwaka) sawa na kompyuta ya asili.

Mfumo ukishawaka, kadi ya mtandao huenda ikawa na jina jipya. Liangalie kwa ip link na ulisahihishe katika /etc/network/interfaces. Wakati huo kompyuta ya zamani isiunganishwe kwenye mtandao huo, kwa kuwa zote mbili zitadai anwani moja ya IP, na usifute diski yake mpaka mhasibu wenu athibitishe kwamba hesabu zinafunguka na kuhifadhiwa sawasawa.