Kabla hujaandika programu, kaa kwanza na karani

Wadau, kuna kazi nimeimaliza juzi ambayo ilitakiwa iishe mwezi mmoja ikala minne, na sababu kubwa ni kwamba mahitaji ya mfumo, yaani orodha ya mambo ambayo programu inatakiwa iyafanye, niliyachukua ofisini kwa bosi wakati kazi yenyewe inafanyika ghalani.

Mteja ananunua mahindi Kibaigwa. Tulikaa Dodoma mjini akanieleza vizuri tu, mkulima analeta mzigo, unapimwa, analipwa, anapewa risiti. Nikaandika kurasa mbili, akasema sawa, nikaanza kazi. Siku ya kuuwasha mfumo nikakaa pembeni ya karani, mama mmoja makini sana, nikaona kila mzigo ukija pale kwenye bei anaandika 1. Nikamuuliza, mama mbona bei moja? "Mwanangu, bei bado hawajaelewana, na huu mfumo wako haunipitishi bila bei." Akanifungulia kaunta buku lake. Kumbe mkulima anashusha magunia leo, anachukua advansi ya kulipia gari, bei wanakuja kuifunga hata wiki mbili mbele, na kuna kolamu nzima ya debe kwa ule mzigo wa mwisho usiojaza gunia. Kwangu hakuna hata kimoja. Na bosi hakunificha, kwake hayo ni mambo ya kila siku, hayamjii akilini kuyasema.

Kwa hiyo siku hizi kabla ya chochote nakaa siku mbili nzima na yule anayeshika kalamu. Naomba ruhusa napiga picha daftari lake, majina ya wakulima nayaziba, halafu kila kolamu naiulizia: nani anaijaza, anaijaza saa ngapi, na ikikosekana inakuwaje. Hilo la mwisho msiliruke jamani, mimi ndo lilinikalisha miezi mitatu ya ziada.

Kwenye kuandika, achana na sentensi za "mfumo uwe rahisi na wa haraka", utaupimaje? Andika "karani apokee mzigo bila bei, usomeke BEI BADO mpaka bosi aifunge". Hiyo mnaijaribu pamoja mnaona imekubali au imekataa. Hata mwongozo wa kimataifa wa kuandika mahitaji ya mifumo, ISO/IEC/IEEE 29148, toleo la 2018, unataka kila hitaji liwe na maana moja na liweze kuthibitishwa.

Weka pia sehemu ya vitu ambavyo HAMFANYI awamu hii, mteja aione na asaini. Na akikutumia voisi ya WhatsApp saa nne usiku anataka kitu kipya usikatae, ila kesho yake kiingize kwenye dokumenti na tarehe, nani kaomba, na kinaongeza siku ngapi.

Sasa hivi nimepata kazi ya zabibu Hombolo, mavuno ya Agosti yanakaribia, na wiki ijayo naenda kukaa na anayepima makreti. Laptop naiacha nyumbani, nabeba daftari.