Msingoje koo liume ndo muanze kumlisha mgonjwa wa mionzi

Babangu alipoambiwa atapigwa mionzi ya kutibu saratani ya koo, siku tano kwa wiki, wiki saba, sote tukawaza nauli ya Malindi hadi Mombasa na pa kulala, chakula hakuna aliyekikumbuka. Na wiki mbili za mwanzo alikuwa akila vizuri tu, biriani anamaliza sahani, tukasema aah mbona mambo si mabaya. Hapo ndo tulipokosea. Manake mionzi haiumi siku ileile, inajikusanya, kufika wiki ya tatu kinywa kimejaa vidonda, mate mazito kama gundi, chai nikitia sukari vijiko vinne ananambia nimempa maji moto. Kila akipimwa, kilo zimeshuka. Zile wiki za mwanzo ndo tungemnonesha, mayai, maziwa, samli, chochote.

Basi ikabidi nianze jikoni upya. Ndimu, ukwaju na pilipili nikavitoa kabisa, na kwa mtu wa pwani samaki bila ndimu ni adhabu lakini vilikuwa vinamchoma. Kilichotuokoa ni bokoboko, ngano na nyama zimepikwa zikapondwa mpaka zinavutika, nalegeza na supu, samli juu, halafu napoza kwanza. Uji nao usiwe wa maji, tia maziwa ya unga ama tui zito, manake atakunywa kikombe kimoja tu basi kila funda liwe na nguvu. Kidogo kidogo kila masaa mawili, si sahani ya kumtisha mtu. Madafu tuliletewa mengi, Mungu awalipe, lakini dafu halinenepeshi.

Kabla ya kula asukutue: lita moja ya maji, kijiko cha chai cha chumvi na kimoja cha bekingi soda, ateme. Na dawa ya maumivu aliyoandikiwa, ulizeni kama anaweza kuimeza nusu saa kabla ya chakula, kwetu ilileta tofauti kubwa.

Mpira wa kulishia, ule wa kupitishia chakula cha majimaji hadi tumboni, aliukataa, ati ni wa watu wa kufa. Akaja kukubali hata maji yamemshinda, daktari wa lishe akatuuliza mbona tumechelewa hivo. Na ukishawekwa, mgonjwa asiache kumeza mafunda ya maji kama ameruhusiwa, misuli ya koo ikikaa bure inasahau kazi.

Vidonda viliendelea wiki kadhaa baada ya mionzi kwisha. Ladha ndo ilichukua miezi. Asubuhi moja akaonja chai akakunja uso, "We mwanangu, sukari yote hii ya nini?" Nilikuwa bado natia vijiko vinne.