Mbia wangu anasema tungoje uchaguzi upite

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi na mbia wangu, raia wa Oman, tumekubaliana kujenga nyumba ya wageni huku kwetu. Kila uchaguzi ukikaribia anazuia fedha, na Pemba kumetulia. Anaogopa nini hasa, na nimjibu vipi?
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Vurugu ni sehemu tu ya hofu yake. Kinachomkosesha usingizi zaidi ni kutojua kama kodi na vibali vya leo vitabaki vile vile kesho, na hofu hiyo ina hesabu yake. Tuseme jengo linagharimu shilingi milioni 500 na litaleta milioni 100 kila mwaka kwa miaka 10. Kwa anayeridhika na faida ya asilimia 10 kwa mwaka, mapato hayo yote kwa thamani ya leo (yaani baada ya kupunguza faida hiyo kwa kila mwaka anaosubiri) ni kama milioni 614, basi anajenga. Siasa zikimtia shaka akadai asilimia 18, mapato yale yale yanashuka hadi milioni 449, chini ya gharama ya kujenga. Mradi umeshakufa, na hakuna hata dirisha lililovunjwa.

Tena ana mfano wa karibu. Uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2015 ulifutwa, ukarudiwa Machi 2016. Mwezi huo huo shirika la Marekani la MCC likasitisha mpango wa msaada kwa Tanzania wa karibu dola milioni 472, na uchaguzi huo ulikuwa miongoni mwa sababu lilizozitaja. Maridhiano ya CCM na CUF ya 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010, iliyozaa Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yalijenga utulivu tunaouthamini sisi: uliokubaliwa na pande zote na kuandikwa kwenye Katiba. Watu kunyamaza tu hakumtoshi anayeweka fedha za miaka 30.

Kwa hiyo usimwambie "Pemba shwari". Mpe karatasi. Ardhi Zanzibar ni mali ya Serikali na mgeni hupewa kwa ukodishaji, basi anza kwa kuhakikisha eneo halina mgogoro wa warithi. Huo nao huvunja miradi. Fuatilieni cheti cha ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar. Katika mkataba wa ubia, gaweni mtaji kwa awamu: kisima, uzio na msingi kabla ya uchaguzi, paa, samani na mitambo baadaye. Kila awamu ifunguliwe na kazi iliyokamilika au tarehe. Msiandike "hali ikitulia", maana haipimiki, na kila mmoja ataisoma anavyotaka. Tajeni pia msuluhishi mapema, mkiwa bado mnapendana.

Bima ya moto ya kawaida mara nyingi haigusi ghasia za kisiasa. Ombeni kifungu cha ziada, na ulizeni waziwazi kama kinafidia mapato wageni wakifuta safari.

Mwisho, msifungue milango Oktoba ya uchaguzi. Lengeni Disemba, na mbakishe akiba ya mishahara ya miezi 3 endapo wageni watachelewa.