Chaki kizingitini: ninavyoishi na Pakinsoni

Kabla mkono haujaanza kutetemeka, mwandiko wangu ulikuwa umeshasinyaa. Nilikuwa nafundisha darasa la sita hapa Ujiji. Naanza sentensi kwa herufi zinazosomeka hadi dawati la nyuma, nikifika mwisho wa ubao zimekuwa kama sisimizi. "Mwalimu, hatuoni," wanafunzi wakawa wanalalamika. Nikadhani ni miwani. Miaka miwili baadaye daktari akaniambia ni Pakinsoni, na mwaka huu ni wa saba tangu siku hiyo.

Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta, na uso umekauka hadi mke wangu akawa ananiuliza, "Baba, nimekukosea nini?" Wako waliosema nimerogwa, wako waliosema nimeanza pombe uzeeni. Hilo la pombe liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe, nikajifungia ndani karibu mwaka mzima. Kama nawe umejifungia, nakuandikia wewe. Mwaka ule ulinirudisha nyuma sana: viungo vilikaza, usingizi ukapotea, sauti ikafifia.

Ugonjwa huu hauambukizi, wala si laana. Daktari James Parkinson wa London aliueleza tangu mwaka 1817. Ndani ya ubongo kuna chembe hai zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kwenda bila kukwama, na chembe hizo zinakufa polepole. Kwa lugha yangu mimi, yale ambayo mwili ulikuwa ukiyafanya wenyewe, sasa lazima uuamuru. Zamani hatua ilikuja tu. Sasa naiita.

Nilijifunza kuiita kwenye mlango wa chumba changu. Nikifika kizingitini miguu inaganda, kiwiliwili kinataka kwenda, nyayo zimekataa. Walionipenda walikuwa wananivuta mkono, na ndivyo nilivyoanguka mara mbili. Tafadhali, aliyeganda asivutwe. Siku moja mjukuu wangu, wakati huo yuko darasa la tatu, alichukua kipande cha chaki akachora mistari mitatu sakafuni. "Babu, ruka mto," akasema. Nikautazama mstari wa kwanza, nikainua goti, nikavuka. Nikauvuka wa pili, na wa tatu. Nikakaa kitandani nikalia, naye akadhani ameniumiza. Baadaye mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinieleza kwamba jicho likipewa alama, au sikio likipewa mdundo, ubongo hupata njia nyingine ya kuuamsha mguu. Nikiwa njiani na chaki hakuna, nasimama kwanza, nahamisha uzito huku na huku, nahesabu moja, mbili, tatu, ndipo nanyanyua mguu.

Asubuhi, dawa ikishashika, napita chini ya miembe mikongwe hadi ufukweni. Hatua ndefu, kisigino kitangulie, mikono niirushe kwa makusudi. Sikimbilii kufika. Nikifika naligeukia ziwa na kuita mahudhurio ya darasa langu la mwisho, jina kwa jina, kwa sauti ya kufika dawati la nyuma. Mwanzoni wavuvi walishangaa. Sasa nikichelewa wananiuliza kulikoni. Sauti yangu imepata nguvu, mke wangu haniambii tena "sema tena."

Kuhusu dawa, mimi natumia levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, iliyochanganywa na kabidopa inayoisaidia kufika ubongoni. Kwetu Kigoma dagaa na maharage havikosi mezani, na protini ya vyakula hivyo huweza kuizuia levodopa isifyonzwe vizuri. Usiache kula dagaa! Mimi nameza kidonge nusu saa au zaidi kabla ya chakula, na kitoweo kingi nakiweka usiku. Panga saa zako na daktari wako, na usiache vidonge ghafla hata ukijisikia vizuri, ni hatari. Utasikia pia habari za mbegu za upupu. Ni kweli zina levodopa, lakini nyumbani huwezi kupima kiasi chake, kwa hiyo usijitibu nazo.

Si kila siku naamka na moyo mweupe. Huzuni yenyewe ni sehemu ya ugonjwa huu, na inatibika, kwa hiyo mwambie daktari kama unavyomwambia habari za mkono. Mimi siku za giza namkumbuka bondia Muhammad Ali, naye alikuwa na Pakinsoni, akiwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta mwaka 1996. Mkono wake unatetemeka mbele ya dunia nzima, naye hakuuficha. Mimi wangu nilikuwa nauficha mfukoni hata msikitini. Siku nilipoutoa, mzee mmoja aliyekaa kando yangu alionyesha wake, nao unatetemeka. Sasa tunatembea wawili.

Jana jioni mjukuu ameichora upya ile mistari, akaiachanisha zaidi kidogo, kwa kuwa ameona hatua zangu zimeanza kufupika. Nimeivuka yote mitatu.